Herufi Moja Tu: Sikoseli Hutoka Wapi?

  Kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo uje uketi, maana mazungumzo ya leo ni marefu kiasi.

Swali la leo huulizwa sana katika kliniki zetu, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa. Mama amepewa majibu ya damu ya mtoto. Anaikunja ile karatasi, anaikunjua tena, kisha anasema: "Daktari, mimi si mgonjwa. Baba yake si mgonjwa. Huu ugonjwa wa sikoseli mtoto wangu ameutoa wapi?"

Anauliza kwa sauti ya chini kwa sababu kule nyumbani wengine walishatoa jibu lao. Mama mkwe amesema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa kama huo. Jirani amesema ni chira. Mwingine amesema ni kijicho, au ni jini. Baba wa mtoto amenyamaza kimya, na kimya chake kinauma kuliko maneno ya wote. Wako akina mama waliorudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa huu. Kwa hivyo leo tutaeleza pole pole ugonjwa huu unaanzia wapi, ili ukiulizwa uwe na la kujibu.

Tuanze na damu yenyewe. Damu ni nyekundu kwa sababu imejaa chembe ndogo sana zinazoitwa chembe nyekundu, au seli nyekundu. Umbo la kila chembe ni la mviringo, imebonyea katikati kama andazi lililokandamizwa kwa kidole gumba, na ni laini. Ulaini huo ni muhimu sana, kwa maana baadhi ya mishipa ya damu mwilini ni myembamba kuliko chembe yenyewe, na chembe hulazimika kujikunja ili ipite. Ndani ya chembe hizi mna protini inayoitwa hemoglobini. Kazi ya hemoglobini ni kupokea oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka kila pembe ya mwili, mpaka ubongoni na kwenye vidole vya miguu.

Sasa, mwili hujuaje kutengeneza hemoglobini? Unayo maagizo. Maagizo hayo huitwa jeni, na kila mmoja wetu amezaliwa nayo. Yameandikwa ndani ya mwili kwa alama nne tu, ambazo wataalamu wamezipa herufi A, T, C na G. Jeni ni kama karatasi ya maagizo unayompa mtoto unapomtuma dukani.

Na hapa nataka ufikirie karatasi hiyo ya dukani. Jumapili una wageni. Umeandika: nunua mchele, nunua nyanya, nunua nyama. Mwandiko ukateleza, na badala ya "nyama" ikasomeka "nyaya". Ni herufi moja tu. Mtoto ni mtiifu, anasoma kama ilivyoandikwa, na saa sita mchana anarudi na mzigo wa nyaya. Mtoto hana kosa, mwenye duka hana kosa, na maneno mengine yote kwenye karatasi yako sawa. Lakini nyama hakuna.

Katika sikoseli mambo ni hivyo hivyo. Kwenye maagizo ya kutengeneza sehemu moja ya hemoglobini, mahali palipopaswa kuwa na herufi A pana herufi T. Herufi nyingine zote ziko sawa. Badiliko hilo la herufi moja ndilo chanzo cha maumivu yote unayoyaona kwa mtoto.

Badiliko dogo hivyo laletaje balaa kubwa hivyo? Hemoglobini imejengwa kwa nyuzi nne, na kila uzi ni kama shanga zilizotungwa. Uzi ule unaohusika na ugonjwa huu una shanga 146. Herufi ile moja inapobadilika, shanga ya sita inabadilika pia. Shanga ya sita ya kawaida hupenda maji. Hii iliyoingia mahali pake huyakimbia maji na hutafuta kitu cha kunata nacho. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, hakuna neno, kila kitu kinakwenda vizuri. Lakini ikishaitoa oksijeni, zile shanga huanza kunatana, hemoglobini moja na jirani yake, na jirani wa jirani, mpaka zinakuwa fimbo ndefu ngumu ndani ya chembe. Fimbo hizo huisukuma chembe kutoka ndani, nayo inapoteza umbo la andazi na kupinda kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo maana kwa Kiswahili ugonjwa huu unaitwa selimundu.

Chembe iliyopinda huweza kunyooka tena ikipata oksijeni, ila ikipinda na kunyooka mara nyingi inaharibika na kubaki imepinda. Chembe nzuri huishi siku 120 hivi. Hii ya mundu huishi siku 10 hadi 20. Mwili hauwezi kutengeneza nyingine upesi kiasi hicho, na hapo ndipo mtoto anapopungukiwa damu, na macho yake yanaonekana ya manjano kwa sababu ya mabaki ya chembe zilizovunjika. Halafu chembe ngumu haipiti kwenye mshipa mwembamba. Inakwama, nyingine inakwama nyuma yake, kama matatu zilizozibana njia ya sokoni. Sehemu ya mwili iliyo mbele ya msongamano huo inakosa oksijeni, na kinachofuata ni maumivu. Mama, mtoto wa sikoseli anapolia usiku kwamba mguu unamuuma, na ukiutazama huoni jeraha wala uvimbe, usiseme anadeka. Maumivu hayo ni ya kweli, na hata watu wazima hulia nayo.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wengi. Mtoto wa sikoseli huzaliwa akiwa mzima, analia vizuri, ananyonya, ananenepa. Miezi ya kwanza kliniki wanamsifu. Kisha akifika miezi sita hivi, wengine mapema kidogo, mikono na miguu inavimba, analia akiguswa, homa inamjia mara kwa mara. Na ni mwezi gani huo? Ni mwezi ule ule unapoanza kumpa uji! Basi uji unalaumiwa, maziwa ya ng'ombe yanalaumiwa, au analaumiwa yule jirani aliyekuja kumtazama na kumsifu unene.

Sababu ya kweli ni hii. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, hemoglobini ya uchanga, ambayo ina maagizo yake tofauti. Maagizo hayo hayana herufi iliyobadilika. Baada ya kuzaliwa, hemoglobini ya uchanga hupungua pole pole na ile ya utu uzima huchukua nafasi yake. Kufikia miezi sita hivi mabadiliko hayo yanakaribia kukamilika, na ugonjwa uliokuwepo tangu siku ile mimba ilipotungwa unajitokeza. Kwa hivyo uji hauna hatia. Ikumbuke sana hii hemoglobini ya uchanga, tutaihitaji tena kabla ya kipindi kwisha.

Turudi sasa kwa yule mama na karatasi yake iliyokunjwa. Kama yeye si mgonjwa na mumewe si mgonjwa, imekuwaje?

Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya hemoglobini. Moja alipewa na mama yake, moja na baba yake. Nakala nzuri tuiite A, na ile yenye herufi iliyobadilika tuiite S. Mwenye nakala mbili nzuri ni AA. Mwenye moja nzuri na moja iliyobadilika ni AS, na huyo si mgonjwa. Nakala yake nzuri inatosha kumtengenezea hemoglobini ya kufanyia kazi, analima, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, na anaweza kufa akiwa na miaka 90 bila kujua kwamba aliibeba S maisha yake yote. Mwenye nakala mbili zilizobadilika, yaani SS, ndiye mwenye sikoseli. Ziko aina nyingine chache ambapo S hukutana na kasoro nyingine ya hemoglobini, lakini hapa kwetu SS ndiyo tunayoiona zaidi.

Chukua vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Ndani ya kila kikombe weka punje moja ya hindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni A, haragwe ni S. Baba ni AS, mama ni AS, wote wazima. Sasa mwambie mtoto mkubwa afumbe macho, achukue punje moja kutoka kila kikombe. Hizo mbili ndizo mtoto aliyezaliwa. Andika alichopata, rudisha punje kikombeni, achukue tena. Fanyeni hivyo mara nyingi, muda unao, mvua inanyesha nje. Utaona mara nyingine yanatoka mahindi mawili, mara nyingi hindi na haragwe, na mara nyingine maharagwe mawili. Ukihesabu, karibu robo zitakuwa maharagwe mawili.

Angalia mambo mawili katika mchezo huo. La kwanza, punje hurudi kikombeni. Wazazi wengi husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani kwamba wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza upya na vikombe vile vile. Nyumba moja hupata wagonjwa watatu, nyingine ina watoto saba na hakuna hata mmoja. La pili, maharagwe mawili hayawezi kutoka kikombe kimoja. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba, sawa kwa sawa. Kama ni ukoo, basi ni koo zote mbili. Yule mama mkwe anayesema kwao hakuna kitu kama hicho ana haki ya kusema hajawahi kuona mgonjwa. Lakini yeye mwenyewe au marehemu mzee wake huenda ndiye aliyempa mwanawe ile S.

Na wala hakuna aliyekosea. Herufi hiyo ilibadilika kwa babu na nyanya zetu wa kale, maelfu ya miaka iliyopita, na tangu hapo imekuwa ikinakiliwa kizazi hadi kizazi. Haitokani na ulichokula ukiwa mjamzito, wala mwiko uliovunjwa, wala dawa za kupanga uzazi.

Pengine utauliza: kama ni kitu kibaya hivyo, mbona hakikuisha? Jibu lake lilitafutwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1949 kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Anthony Allison, ambaye alikulia nchini humu, alizunguka akipima damu za watu wa sehemu mbali mbali. Aliona kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba S, na kule nyanda za juu kwenye baridi hata mmoja kati ya 100 ilikuwa shida kumpata. Pwani na ziwani kuna nini kisichokuwa milimani? Kuna mbu wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake, na utafiti wa baadaye, mwingi wake ukifanywa Kilifi, ulionyesha kuwa mtoto wa AS anakingwa kwa kiasi kikubwa sana, karibu asilimia 90, dhidi ya malaria kali ile inayoua. Yaani zamani, kabla ya dawa na vyandarua, mtoto wa AS ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa. Ndiyo maana S imebaki nyingi kule ambako malaria ni nyingi, na ndiyo maana Kilifi karibu mtoto mmoja kati ya kila 100 huzaliwa na sikoseli.

Lakini tafadhali sikiliza hapa kwa makini, maana watu hukosea. Anayekingwa ni AS. Mtoto wa SS hakingwi. Malaria ikimpata inamaliza damu kidogo aliyo nayo, na inaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Chandarua kilichotiwa dawa ni chake kila usiku, hata kama wengine nyumbani watagawana kilichobaki.

Sasa tuseme juu ya vipimo. Kuna kipimo cha haraka cha maabara kinachoonyesha kama chembe zinapinda, na wengi wamepimwa hicho wakaambiwa "una sikoseli" au "huna". Kipimo hicho kinaonyesha tu kuwa S ipo, hakiwezi kutenganisha AS na SS, na kwa mtoto mchanga chaweza kudanganya kabisa. Uliza kipimo kinachoonyesha aina ya hemoglobini. Kinaitwa elektroforesi, na hospitali kubwa zinacho au hupeleka damu kunakofanywa. Siku hizi kuna pia vipimo vidogo vya tone moja la damu vinavyotoa jibu kwa dakika chache, na mtoto anaweza kupimwa hata katika siku zake za kwanza. Tayari una mtoto mwenye sikoseli? Basi mchanga anayefuata apimwe mapema, usingoje avimbe mikono.

Kwa nini mapema? Kwa sababu watoto wengi wa sikoseli waliokufa, walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano, na wengi hawakuwa wamepimwa. Wengu, kile kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, ambacho wengine hukiita bandama, huharibiwa na ugonjwa huu mapema sana, na kazi yake ni kupambana na vijidudu. Ndiyo sababu mtoto huyu hupewa penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, hata akiwa mzima anarukaruka. Hupewa chanjo zote, hasa ile ya nimonia ambayo hapa Kenya ilianza kutolewa mwaka 2011. Hupewa asidi ya foliki ya kusaidia kutengeneza damu, na dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyoelekeza. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asiogee mtoni asubuhi. Na ile dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, usimpe kwa kununua dukani. Damu yake haikupungua kwa kukosa chuma, na mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na chuma kingi kuliko anachohitaji.

Jifunze kumgusa tumbo. Mwombe muuguzi akuonyeshe mahali wengu ulipo, kisha umpapase mtoto nyumbani mara kwa mara. Ukiona umevimba ghafla na mtoto amepauka viganja na midomo, usingoje kesho. Damu imekwama humo, na saa ni chache. Vile vile usingoje akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, akipumua kwa shida au kifua kikimuuma, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au akishindwa kusema ghafla, au mtoto wa kiume uume ukisimama na kumuuma kwa saa nyingi. Hili la mwisho watoto huona haya kulisema, kwa hivyo mweleze mapema kwamba si aibu. Hayo yote ni ya hospitali usiku huo huo. Maumivu ya kawaida ya mifupa mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, maji ya kunywa, na kitambaa cha moto. Kamwe usimwekee barafu.

Nilikwambia tutairudia hemoglobini ya uchanga. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea ambayo humfanya mtoto aanze tena kuitengeneza hemoglobini hiyo, ile isiyonata. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu mara chache zaidi, waliongezewa damu mara chache zaidi, hata malaria na vifo vilipungua. Haiponyi, hunywewa kila siku, na mtoto lazima apimwe damu kila baada ya muda. Lakini ni dawa ya kuulizia. Ukifika kliniki na hakuna aliyekutajia, itaje wewe.

Na kupona je? Wapo waliopona kwa kuwekewa uboho wa ndugu yao, na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayogusa jeni zenyewe. Gharama yake huko Marekani inapita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hivyo mtu akija sokoni na chupa ya shilingi mia tano akisema inaondoa sikoseli, usiuze kuku wako kwa ajili yake. Dawa ya kunywa haibadilishi herufi iliyoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili.

Baba, kama uko hapo karibu na redio, neno moja kwako. Kipimo cha aina ya hemoglobini ni cha damu kidogo tu, nawe unahitaji kukijua chako kama mama anavyohitaji. Nendeni pamoja, mkae benchi moja, msomewe majibu pamoja. Na vijana mnaopanga kuoana, mnaweza kupimwa kabla. Hakuna anayewakataza kuoana, ni kujua tu vikombe vyenu vina nini.

Wiki ijayo, saa ile ile, tutazungumza juu ya mtoto wa sikoseli anapoanza shule: tumwambie mwalimu nini kuhusu maji, michezo, na ruhusa ya kwenda msalani. Tuandikie maswali yako. Na sasa rudisha moto chini ya sufuria. Kwaheri.